Moyo Uliokufa Ganzi

Fundisho kwa wakatekumeni

Ufikiriwe mfano wa mwanamke mmoja wa kijiji kilicho kandokando ya ziwa, si mbali na Mpala. Mume wake alikuwa mvuvi. Usiku mmoja alikwenda na wenzake kuvua ndagala kwa taa. Upepo ukavuma, mtumbwi ukapinduka, naye hakurudi. Asubuhi maiti yake ikaokotwa pwani. Watu wakakusanyika kilioni. Wanawake wakapiga mayowe, dada za marehemu wakajitupa chini, na watoto wakalia kwa kuwaona mama zao wakilia. Mjane peke yake alikaa juu ya mkeka, macho makavu, akiutazama mlango kama mtu asiyeelewa neno. Aliwapa wageni maji. Aliwaambia watoto wakalale. Chozi halikutoka.

Siku ya tatu watu wakaanza kunong'ona nyuma ya nyumba: "Mbona halii? Mtu asiyelia anajua kilichomwua mume wake." Neno la uchawi halikutajwa waziwazi, lakini kila mmoja alilisikia.

Tena mjane huyo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho. Jina lake lilikwisha andikwa pamoja na wale watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Baada ya majuma kadhaa alikwenda kwa mwalimu wake wa dini, akamwambia: "Mwalimu, ufute jina langu. Wenzangu wakiimba wanafurahi, mimi sisikii kitu. Wakisali kwa ajili ya mume wangu wanalia, mimi sisikii kitu. Hata watoto wangu nawapikia kama mtu anayewapikia wageni. Moyo wangu umekufa. Mungu atafanya nini na maiti?"

Maneno hayo yana maulizo mawili ndani yake. La kwanza: kwa nini Mungu alimpa binadamu furaha, huzuni, hofu, haya, hasira na huruma? La pili: yule asiyesikia lolote katika hayo, je, amekosa mapendo?

Wala mtu asidhani kwamba maulizo ya namna hii ni ya wageni. Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya Marungu, aliyesomeshwa na Mapadri Weupe, aliandika juu ya nafsi ya Wabantu, na maandiko yake yakachapwa kwa Kifaransa katika miaka ya 1910 na 1911, hata kabla hajapewa upadri mwaka 1917. Basi mtu wa nchi hii anaposimama na kuuliza habari za moyo wake, hafanyi jambo geni.

MWILI USIOSIKIA MAUMIVU

Wazee wa vijiji vingi wamepata kumwona mtu mwenye ukoma. Ugonjwa huo huua mishipa ya fahamu, hata mkono hausikii tena moto, wala mguu hausikii mwiba. Mgonjwa hukaa karibu na jiko, kidole kikaungua, naye hajui. Hukanyaga kisu, akaendelea na safari. Kidonda hakitunzwi kwa sababu hakiumi, na kwa kuwa hakitunzwi huoza. Ndivyo vidole vingi vilivyopotea. Siku hizi ziko dawa za kuuponya ukoma, na anayekwenda hospitalini mapema hupona bila kilema. Lakini somo lake linabaki. Maumivu, ambayo kila mtu huyachukia, ni mlinzi aliyewekwa na Mungu mlangoni mwa mwili. Mlinzi akifa, adui huingia kimya.

Sasa mkatekumeni na akumbuke fundisho la mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12. Anafundisha kwamba wakristu ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na kiungo kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Lakini viungo vitaumiaje pamoja kama hakuna kitu kinachobeba habari kutoka kimoja hadi kingine? Katika mwili wa nyama, kazi hiyo hufanywa na mishipa ya fahamu. Katika mwili wa jamaa, wa kijiji na wa Kanisa, kazi hiyo hufanywa na hisia za moyo.

Huruma humpelekea jirani habari kwamba nyumba ya pili ina njaa. Hofu ya mama humwambia mtoto asikaribie maji penye mamba. Haya humrudisha mwizi nyuma kabla hajanyosha mkono. Hasira ya haki humwamsha mwenye nguvu anapoona yatima ananyang'anywa shamba. Furaha huwafunga pamoja waliovuna pamoja. Nayo huzuni ya kilio huwaambia watu wote: aliyeondoka alikuwa wetu, na waliobaki wasiachwe peke yao. Ndiyo maana Kanisa, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, linafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya. Huwa njema au mbaya kwa jinsi akili na nia zinavyoziongoza.

VIUMBE WA ZIWA NA WA NG'AMBO

Mungu ameliandika fundisho hili hata katika viumbe wasio na akili ya binadamu. Kobe hutaga mayai yake, akayafukia, akaenda zake. Watoto wake hutoka katika ganda wakiwa wamekwisha kuwa tayari kujitafutia chakula. Hawamhitaji mama, wala mama hawatafuti. Lakini katika ziwa hili la Tanganyika wamo samaki ambao mama hutunza mayai yake kinywani, na watoto wakitoka huendelea kuwaficha humo adui wasiwapate. Mtoto asiyeweza kujilinda hupewa mlinzi aliye karibu.

Na nani aliye dhaifu kuliko mtoto wa binadamu? Mtoto wa mbuzi husimama siku ile ile anapozaliwa. Mtoto wa mtu hupata mwaka mzima kabla ya kutembea, na miaka mingi kabla ya kujilisha. Kama hakuna mtu anayesikia uchungu akisikia kilio chake, angekufa kabla ya jua kutua.

Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Tanzania, kuna misitu ya Mahale na ya Gombe ambamo wanaishi sokwe. Bibi Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, na wataalamu wa Japani wakaanza kazi kama hiyo Mahale mwaka 1965. Huko Gombe palikuwa na sokwe jike mzee aliyeitwa Flo, na mwanawe dume aliyeitwa Flint. Mwaka 1972 Flo alifariki karibu na kijito. Flint alikuwa na umri wa miaka 8 hivi, naye aliweza kujitafutia matunda mwenyewe. Hata hivyo alijitenga na wenzake, akaacha kula vizuri, akadhoofika. Na kabla ya mwezi mmoja kupita naye akafa.

Mnyama huyo hakufundishwa na mtu kuhuzunika. Kiumbe kinachoishi pamoja na wenzake hupewa kamba ya kukifunga kwao, na kamba ikikatika huumia. Maumivu hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba kamba ilikuwapo.

Lakini binadamu amepewa zaidi ya sokwe. Amepewa akili na nia. Sokwe huvutwa na kamba tu. Binadamu aweza kumwendea mwenzake hata siku ambayo kamba haimvuti. Aweza kumpa adui maji. Neno hili lishikwe vema, kwa kuwa ndilo litakalomjibu mjane.

YEZU ALILIA

Wako watu wanaodhani kwamba mtakatifu ni mtu asiyetikisika, mwenye uso kama jiwe. Na waifungue Injili. Yohane, katika sura ya 11, anasimulia kwamba Yezu alipokuwa akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro alilia. Alijua kwamba punde atamfufua, hata hivyo alilia, kwa sababu Maria na wale waliofuatana naye walikuwa wanalia. Luka anasimulia kwamba aliutazama mji wa Yeruzalemu akaulilia. Marko anaeleza kwamba aliwatazama kwa hasira na huzuni wale waliokataa mgonjwa asiponywe siku ya Sabato. Na katika bustani ya Getsemani aliwaomba rafiki zake watatu wakae macho pamoja naye. Mwana wa Mungu aliomba kutoachwa peke yake usiku ule.

Basi hisia si aibu ya mwili. Mwana wa Mungu alipotwaa mwili alizitwaa pamoja nao.

GANZI SI UGUMU WA MOYO

Lakini itakuwaje kwa yule ambaye moyo wake haulii wala haufurahi? Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni ugumu wa moyo. Katika mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyelala njiani, wakapita upande wa pili. Macho yao yalikuwa mazima. Walichagua kupita. Hiyo ni dhambi, kwa maana mtu amekataa kwa nia yake.

La pili ni ganzi. Mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu huona mguu haumsikii. Akiugusa ni kama anaugusa mguu wa mwingine. Je, mguu umekatika? La, mguu upo, umebanwa tu. Vivyo hivyo moyo ukibanwa na msiba mzito kupita kiasi, au na hofu ya siku nyingi, au na uchovu usio na mapumziko, hufa ganzi. Mara nyingi hiyo ni njia ya moyo kujikinga usivunjike mara moja.

Nchi hii inaijua hali hiyo tangu zamani. Mapadri Weupe walipokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, vita vya kukamata watumwa vilikuwa bado vinaziteketeza pande hizi, na miongoni mwa wakristu wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa, wasiojua tena mama zao waliko. Katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu makwao katika jimbo la Tanganyika, wengi wakalala chini ya majani na maturubai kandokando ya Kalemie. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia nyumbani mwa watu. Mtu aliyekimbia mara mbili, akazika mara tatu, asishangaliwe akiupokea msiba wa nne kwa macho makavu.

Naye atakayeuliza namna ya kuitofautisha ganzi na ugumu, dalili ni hii: mwenye moyo mgumu hasikitiki kwa ugumu wake, bali hulala usingizi vizuri. Mwenye ganzi husikitika kwamba hasikitiki. Mjane aliyekwenda kwa mwalimu kushitaki moyo wake mwenyewe hakuwa na moyo wa jiwe. Jiwe halijishitaki.

Nao wanaonong'ona kilioni na waogope. Chozi si hakimu. Mwenye kumhukumu mjane kuwa mchawi kwa sababu hakulia, amelikanyaga jeraha lake, tena ametenda dhambi kubwa ya kumsingizia asiye na kosa.

NJIA YA KURUDI

Kwanza, mwenye ganzi asijitenge. Mguu hauponi ganzi kwa kukaliwa zaidi. Moyo uliopoteza hisia hutaka kukaa gizani, na kadiri unavyokaa gizani ndivyo unavyozidi kuganda. Mtu na aende kisimani pamoja na wenzake, aende kwenye sala ya jumuiya, aketi penye moto wa wengine, hata kama hana la kusema.

Pili, atende matendo ya mapendo bila kungojea kuyasikia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwenzio mema. Kutakia ni kazi ya nia. Katika Injili ya Mateo, sura ya 21, mwana mmoja alimjibu baba yake kwamba hataki kwenda shambani, kisha akaenda. Yezu hakuuliza kama alikwenda akiimba. Aliuliza ni nani aliyeyafanya mapenzi ya baba yake. Adriano Atiman alikamatwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akauzwa, akavushwa jangwani. Mapadri Weupe wakamkomboa, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Nani angestaajabu kama moyo wake ungefungwa kwa watu milele? Lakini alifika Karema, ng'ambo ya ziwa kuielekea Mpala, akawatibu wagonjwa kwa miaka zaidi ya 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mikono yake ilisema mapendo kila siku.

Tatu, mwili utunzwe. Nabii Elia alipochoka alijilaza chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumgombeza. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baada ya hayo ndipo alipompeleka mlimani. Basi ganzi ikidumu majuma mengi, mtu akakosa usingizi, akaacha kula, au akatamani kufa, na apelekwe hospitalini au zahanati upesi, kama anavyopelekwa mwenye homa. Tena mama aliyejifungua, akamtazama mtoto wake bila kusikia mapendo, asidhaniwe kuwa mama mbaya wala kurogwa. Huo ni ugonjwa unaowapata mama wengi baada ya kuzaa, nao hutibika.

Nne, aendelee kusali hata pakavu. Mama Teresa wa Kalkuta, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2016, aliandika barua zilizochapwa mwaka 2007, baada ya kufa kwake. Ndani yake watu walistaajabu kuona kwamba kwa miaka mingi sana hakusikia moyoni kwamba Mungu yupo karibu. Hata hivyo alisali kila siku, na kila siku aliwaokota maskini njiani.

MJANE NA MWALIMU WAKE

Mwalimu yule hakulifuta jina. Alimwuliza mjane, "Mama, watoto wako wamekula leo?"

Akajibu, "Wamekula."

"Nani aliyewapikia?"

"Mimi, Mwalimu."

"Maiti haipiki."

Kisha alimwita mama wake wa batizo, pamoja na wanawake wawili wa jumuiya. Hakuwaambia wamfariji kwa maneno mengi. Aliwaambia watwange muhogo pamoja naye. Wakatwanga. Siku nyingine walisema, siku nyingine walinyamaza. Na kijijini, mzee mmoja alipoanza tena maneno yake ya kunong'ona, mwalimu alikwenda kuketi mlangoni pake, akamsemesha kwa heshima mpaka maneno yale yakakoma.

Katikati ya Kwaresima mtoto wake mdogo aliingia nyumbani akiburuta kasia la baba yake, akauliza litawekwa wapi. Mjane alilishika kasia, akalikumbatia, akalia tangu adhuhuri hata jioni. Ilimwuma kuliko siku ya maziko. Wale wanawake hawakumkataza. Mguu unaotoka katika ganzi huchoma kwanza, kisha hutembea.

Usiku wa Pasaka alibatizwa pamoja na wenzake. Wenzake walikuwa wakicheka kwa furaha. Yeye hakucheka wala hakulia. Padri alipomwuliza kama anasadiki, alijibu kwa sauti iliyosikika hata mlangoni mwa kanisa: "Nasadiki." Mwanawe mdogo alikuwa ameshika kanga yake, naye akamshika mkono.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Kwa nini Mungu aliwapa hisia viumbe wanaoishi pamoja?
Jibu: Ili wasikie shida na furaha za wenzao, wakatunzane kama viungo vya mwili mmoja.

Ulizo: Je, ni dhambi kutosikia huzuni wala furaha?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kukataa kwa nia kumsaidia mwenye shida.

Ulizo: Mwenye moyo uliokufa ganzi afanye nini?
Jibu: Asijitenge, atende mema, autunze mwili wake, asali, na ikidumu hali hiyo aende kwa waganga wa hospitali.

Ulizo: Jirani zake wafanye nini?
Jibu: Wasimhukumu. Wakae naye na kufanya kazi pamoja naye mpaka moyo wake urudi.

La kushika juma hili: kila mkatekumeni na amtafute mtu mmoja kijijini anayekaa peke yake tangu msiba wake, amsaidie kazi moja ya mikono, wala asimwulize kwa nini halii.